Chumvi ya Mama wa Kashai

Dada Kokugonza,

Nakusalimu kutoka Bukoba, mvua haijakatika tangu nishuke. Leo baada ya misa ya chuo wamesoma matangazo ya wiki: Jumanne mdahalo, Alhamisi mechi, na mchana huu jumuiya ya Asimwe wangu wanakula kwa mama yao wa Kashai. Eti mama yao, kumbe ni mlezi wa jumuiya tu. Nikaenda nao. Alitupikia ndizi kwa sato, na mwanangu akaingia jikoni kutoa sahani bila kuuliza zilipo. Senene wa kukaanga niliomletea bado wamo kwenye begi. Nikasema chumvi imepungua. Asimwe akainamisha kichwa.

Dada, chumvi ilikuwa sawa, nilimaliza sahani mbili. Ubaki salama, na hilo usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Mama Asimwe