Boneti ya Ndege ya Mama

Karakana ya Faiba,
Nyuma ya nyumba ya Mama.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa yote miwili inaniwasha kwa vumbi la faiba tangu juzi, na nimeiosha mpaka sabuni imekata tamaa. U hali gani huko? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Wifi yangu na mtoto wanaendeleaje? Mama alinionyesha picha ya mtoto na jino lake moja, nikacheka peke yangu kama mwehu. Ana paji la uso la Baba, maskini, lakini atakua.

Sisi huku tunapumua. Goti la Baba limepungua uvimbe, ila mdomo haujapungua chochote. Bado analalamika kwamba gari lake linanyeshewa nje huku ndege ikilala ndani chini ya bati. Mama hajambo kabisa. Amekonda kidogo, lakini ni kwa kusahau kula, si kwa ugonjwa. Shemeji yako na wanangu pacha wazima, wanakusalimu.

Baada ya salamu, nina neno. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana mara tatu. Kwenye simu nisingeweza, maana ungenikatiza kwa kucheka, nami ningepata pa kujificha.

Mdogo wangu, nakuonea wivu. Si wivu wa utani. Ni donge, limekaa hapa kifuani tangu ulipokuja likizo mwaka juzi, na pengine tangu zamani zaidi.

Unamjua Mama. Miaka thelathini kwenye hanga akikaza nati za ndege za watu na kutia sahihi ili wao waruke, yeye abaki chini na spana. Alipostaafu akaleta michoro ya ndege ya viti viwili, akamfukuza Baba na gari lake bandani, akaanza. Nani alikuwa naye miaka yote hiyo? Mimi. Asubuhi nilikuwa natengeneza bampa na matangi ya faiba ya wateja wangu, jioni nikivuka ua na barakoa shingoni kwenda kwenye ndege yake. Viatu vya magurudumu, vile vifuniko vya kukata upepo, nilitengeneza mimi, mara mbili, kwa sababu vya kwanza vilikuwa vizito. Ncha za mabawa ni zangu. Na kile kipande kinachoziba pengo kati ya bawa na kiwiliwili, kilichopinda kama sikio, kilinichukua wiki sita.

Wewe ulikuja wiki tatu. Ukachonga umbo kwa sponji ngumu, ukatoa kalibu, ukamtengenezea boneti ya injini, ukarudi ng'ambo kwenye kiwanda chako cha mabawa. Na kwa kuwa injini ilikuwa haijafika, Mama aliiweka wapi boneti yako? Sebuleni! Juu ya kabati la vyombo, imefutwa vumbi, kila mgeni akiingia anaishikishwa. "Pitisha mkono hapa. Umesikia kwaruzo? Hakuna. Hiyo ni kazi ya mwanangu." Viatu vyangu vya magurudumu vilikuwa chini ya ngazi, pamoja na mafagio. Siku moja Shangazi aliviuliza ni vitu gani, Mama akasema ni vile vya kuzibia magurudumu. Vile vya kuzibia! Nilibeba sinia la vikombe mpaka jikoni nikasimama pale nimewapa mgongo mpaka macho yakakauka.

Basi mwezi wa tatu injini ikafungwa, na boneti ikashushwa kutoka kwenye kiti chake cha enzi. Mama akanipa niifunge. Nikawa naigonga kwa sarafu huku na huku kama ninavyogonga tangi, nikisikiliza. Juu inalia vizuri, ting, ting. Upande wa kulia, ting. Nikafika shavu la kushoto, chini ya tundu la kuingizia hewa, ikajibu: dup. Nikarudia. Dup. Eneo la kama kiganja changu na vidole vyake. Huna haja ya kuambiwa maana yake. Matabaka yameachana ndani, na upepo ukiingia pale kwa kasi utalichana shavu zima mbele ya macho ya rubani.

Nilifurahi. Naliandika tena usije ukadhani umesoma vibaya: nilifurahi. Nilitabasamu peke yangu bandani mpaka Baba, aliyekuwa anapita, akaniuliza kuna nini.

Na sikusema. Siku tano, mdogo wangu. Nilijipangia kwamba Breki atakapokuja kukagua, yule rubani mstaafu wa klabu ya ndege tunayemwita hivyo kwa kuwa hana haraka ya lolote, ataigonga yeye mwenyewe mbele ya Mama, na Mama asikie kwa masikio yake ile kazi ya sebuleni inavyolia dup. Kwamba Breki naye ana umri, kwamba sikio lake moja halisikii vizuri, hilo nililiwaza nikalisukuma pembeni. Siku hizo tano nilikula vizuri na kuongea kwa upole na kila mtu. Shemeji yako alidhani nimepona kitu.

Siku ya sita nikatamani kuona kosa lako kwa macho. Nikamdanganya Mama kwamba naipeleka karakana nikatoboe matundu ya skrubu. Nikaigeuza, nikakwangua ile rangi nyeupe uliyopaka ndani, nikakata kidirisha kidogo kwa msumeno mwembamba pale penye dup. Tabaka la juu likabanduka lenyewe kama ganda la yai lililochemshwa. Chini yake palikuwa panang'aa kama sahani. Na juu ya mng'ao ule palikuwa na mistari ya penseli.

Mistari yako. Ile michoro ya kuvurugavuruga uliyonichorea kila mahali, ukaniambia, "Dada, sugua kwa msasa mpaka usiuone hata mmoja, ndipo tuongeze matabaka, maana gundi ya rezini iliyokwisha kauka haishikani na mwenzake bila kukwaruzwa."

Nikaikumbuka siku ile saa kwa saa. Mama alikuita nje upigwe picha na majirani, mimi nikabaki ndani ya kalibu na msasa, nimepiga magoti, nasikia vicheko. Hakuna aliyesema, na Dada naye aje. Nilisugua nikiwa nimekunja uso, nikafika ile kona ya chini ambako mkono hauingii bila kuumia, nikautupa msasa. Uliporudi ukauliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Hukukagua. Ulichanganya rezini na kikaushio ukaendelea, kwa kuwa nilikuwa dada yako na nilikuwa nimesema.

Kwa hiyo kosa nililolificha siku tano ili likuaibishe lilikuwa langu, na wa kulilipia angekuwa Mama, akiwa amekaa nyuma yake angani.

Sikuketi. Nilijua nikiketi nitapata hila nyingine. Niliibeba ile boneti kichwani kama beseni, nikavuka ua.

Mama alikuwa anakata mipira ya kupitishia mafuta ya injini. Nilimwambia yote, la msasa na la siku tano. Aliichukua, akaigonga na yeye kwa sarafu, akaingiza kidole kwenye kidirisha, akapapasa mistari ile.

"Hii haipandi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na kama Breki asingeisikia, ungenyamaza?"

Nilitaka kusema hapana, Mama, hata kidogo. Ulimi ukakataa. "Sijui," nikasema.

Alinitazama kama anavyotazama nati iliyolegea, hana hasira nayo, anataka tu kujua imelegea kiasi gani. Kisha akavuta lile daftari la ujenzi, ambalo kila kipande kimeandikwa na aliyekitengeneza, akanipa kalamu. "Andika mwenyewe." Nikaandika: Boneti imekataliwa. Shavu la kushoto halikusuguliwa kabla ya tabaka la tatu. Aliyeacha kusugua ni mimi. Aliyejua akanyamaza ni mimi. Sijawahi kuandika maneno mazito namna ile, na mwandiko wenyewe umekwenda mrama, utauona.

"Kalibu bado iko?" Mama akauliza.

"Ipo darini."

"Basi lete nta tuipake isigande."

Tukaitengeneza wawili, mimi nikilaza kitambaa cha faiba, yeye akifuatia na rola kutoa hewa. Safari hii nilichora mistari mwenyewe, nikaisugua mwenyewe, na Mama akaingiza kichwa ndani ya kalibu na tochi kukagua kila kona. Sikuudhika. Nilistahili ile tochi.

Tulipokuwa tunasubiri rezini ishike nikapiga moyo konde. Nikamuuliza kwa nini ya kwako ilikaa sebuleni na vya kwangu chini ya ngazi.

Aliendelea kufuta rola kwa asetoni. "Yule simwoni," akasema. "Ile ilikuwa mkono wake, nikipita naishika. Wewe nikitaka kukuona navuka ua."

"Lakini Mama, kwa wageni hujawahi kunitaja."

Akaiweka rola chini. "Hilo ni kweli," akasema. "Hilo nimekosea."

Mdogo wangu, maneno yale yangetosha kumponya mtu mwenye roho nyepesi. Mimi yaliniponya nusu. Nusu nyingine ilikasirika kwamba hata kutokuwepo kwako kunakupa kitu ambacho mimi kwa kuwepo sikipati. Nakuambia ukweli wote, si ile sehemu yenye kunipendezesha.

Boneti mpya ikatoka kwenye kalibu bila kukwama. Nikaigonga kote, ting mpaka mwisho. Breki akaja, akaigonga mara mbili zaidi ya mimi, akapitisha mkono akasema, "Hii ndiyo ile ya kijana wako wa huko?"

"Hapana," Mama akasema, tena kwa sauti. "Hii ni ya huyu."

Nikavimba kichwa, nikasubiri sifa. Breki akaitazama tena. "Kweli? Haina tofauti hata kidogo!"

Ingekuwaje na tofauti? Kalibu ni yako. Umbo ni lako, ule mteremko wa mbele unaopendeza ni wako, mimi nimejaza tu. Nilicheka, na kucheka kwenyewe kuliniuma.

Ndege imepanda. Mara ya kwanza Breki alikuwa peke yake, mizunguko mitatu juu ya kiwanja cha klabu. Mama alisimama amekunja mikono mpaka magurudumu yalipogusa majani, ndipo nikaona kitambaa alichoshika amekikamua kama nguo ya kufuliwa. Hata Baba alilia, akasingizia vumbi. Breki akairusha majuma kadhaa kama inavyotakiwa, kisha Mama mwenyewe, aliyepata leseni yake pale klabuni baada ya kustaafu, akiwa na Breki kwanza, halafu peke yake.

Sasa nimefika pale palipochanisha barua zile tatu.

Najua Mama alikuahidi kiti cha pili. Nilikuwa chumbani alipokuambia kwenye simu kwamba abiria wake wa kwanza utakuwa wewe, ukija mwezi wa nane, na nilisikia ulivyopiga kelele za furaha. Jumamosi ya tarehe mosi alikuwa amekwisha kujifunga mkanda, mimi nimeshika ncha ya bawa kumsaidia kugeuza. Nikaenda mpaka mlangoni.

"Mama, naomba nipande."

"Nilimwahidi mdogo wako."

"Najua. Nilikuwepo. Naomba mimi."

Injini ilikuwa bado imezimwa. Alinitazama muda mrefu mpaka nikaona haya, lakini sikuondoka, na sikutafuta sababu nzuri ya kumpa. Sikutaja viatu vya magurudumu wala wiki sita za kile kipande cha sikio. Mwishowe akasogeza mkoba wake kutoka kwenye kiti.

"Funga mkanda," akasema. "Vuta mpaka ukubane."

Tukapanda. Watu wanasema ukiwa juu unaona paa zote na mto na watu kama punje. Mimi sijui. Nilikodolea macho lile shavu la kushoto dakika ishirini nzima, upepo ukiligonga, nalo limetulia tuli. Mama aliimba. Sikujua kwamba anaimba akirusha. Hakuna anayejua isipokuwa mimi, na wimbo wenyewe sitakuambia.

Kwa msasa ule na kwa siku tano zile nakuomba radhi, mdogo wangu, kwa moyo wote. Uliniamini nami nikakuacha na kasoro iliyobeba jina lako. Boneti ya zamani nimeiweka karakana kwangu. Ukija nitakuonyesha kidirisha na mistari, uniseme unavyotaka, sitajibu. Kwa kiti kile, hapana. Wiki nzima nimetafuta mahali ndani yangu pa kuombea radhi hiyo, sijapaona. Utakapokuja utakuwa wa pili. Uje hivyohivyo.

Baba anakusalimu na kuuliza kama kuna dawa ya goti huko isiyonuka. Shangazi anakusalimu sana, anasema picha za mtoto hazitoshi. Shemeji yako anakusalimu, na pacha wanakuombea urudi na mpira wa kweli. Mama ataandika mwenyewe. Akikuambia habari za kiti, mwambie ulikwishazipata kwangu.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu na umshike mkono wifi. Mungu awafunike nyumba nzima, awape usingizi mzuri na riziki ya halali, na akulinde barabarani uendapo na urudipo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na wivu wangu wote.