Vumbi Lililogoma Ijumaa

Ijumaa, Garissa

Nimeoga mara mbili na bado nina unga masikioni.

Kosa ni langu. Mashine inayonyonya vumbi la unga kinuni kwetu lazima imwagwe mapema, kabla vumbi halijagandamana kwenye faneli ya chini. Mimi, kwa akili zangu nyingi, nilipanga kuimwaga mwenyewe kila nikisikia adhana. Nilijisifu wiki nzima. Sikukumbuka kwamba Ijumaa, adhana ikilia, mimi niko msikitini zamani.

Nimerudi nikamkuta Khadija, fundi wetu aniitaye adeer, yaani ami, ameshika kiuno.

"Adeer, hii mashine imeshiba. Kitu haitoki."

Na leo ndiyo siku mzee Abdullahi, baba wa binti, alipaswa kuniletea hapa kinuni jibu la posa ya mwanangu. Nilikuwa nimevaa koti jeusi kwa ajili yake.

Nikagonga faneli. Kimya. Nikainama kuchungulia...

"Adeer, usi..."

Vumbi lote likanishukia.

Nilipofumbua macho, mzee Abdullahi yuko mlangoni. Nikajua mwanangu hana mke tena.

"Warya, bwana," akaniuliza, "wewe ni mtu ama chapati?"

Kisha akakunja kikoi chake cha macawis, akachukua fimbo. "Ingine imebaki juu. Wewe gonga huko, mimi huku."

Tuligonga mpaka vumbi likatiririka vizuri. Yeye naye akawa mweupe hadi kope. Hapo ndipo akasema binti yake amekubali, tukakumbatiana tukikohoa.

Sasa sijui nitamwambiaje mke wangu kwamba posa imejibiwa na mgeni hakupewa hata chai.