Glavu Nilizomchagulia Orlane

Bwiza, Jumanne asubuhi

Mpendwa dada Dorothée,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, aliyetutunza tangu tulipokuwa tukifundisha katika chumba kimoja, mimi asubuhi, wewe mchana. Goti lako linaendeleaje tangu uhamie Ruziba? Nasikia maji yameingia mashambani huko. Natumaini mihogo yako imepona. Mimi maji yameingia mapafuni, na daktari hanifichi tena. Naandika mistari mitatu, napumzika. Unisamehe mwandiko huu, wewe uliyekuwa ukiusifu.

Nilitaka kuanza kwa kumuulizia mjukuu wako Chanelle. Nimeandika jina lake mara mbili na kulifuta. Nitamuulizia mwishoni, kama bado utakuwa unasoma.

Unakumbuka wajukuu wetu walipoanza mchezo ule wa ngumi, mateke na mieleka, wenyewe wanauita MMA, kwa kocha Rachidi. Wewe ulicheka, ukasema mkwe atakayeleta mahari aje amevaa kofia ya pikipiki. Nami nilicheka, lakini nilikuwa na aibu. Akina mama wa kwaya walikuwa wakiniuliza kama Orlane wangu sasa analinda baa. Nilimlea tangu mama yake afariki, nikamsomesha, na sasa alikuwa akirudi nyumbani na mdomo umevimba, anafurahi. Furaha ile ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Rachidi alipowaambia watafute glavu za kupigana wao kwa wao mazoezini, Orlane alikuwa katika mitihani, nikajitolea kwenda kumchagulia. Orlane alivaa nyekundu nilizomletea, zinang'aa. Kocha alipouliza kama ni nzima, alijibu kwamba bibi yake amemhakikishia ni nzima, na hakuna aliyetilia shaka neno la mwalimu. Siku ya tatu akampiga Chanelle chini ya jicho la kushoto. Mfupa ukavunjika, na jicho lile halikuona tena.

Yaliyofuata unayajua. Rachidi alizibonyeza glavu, akakuta sponji imekufa. Ukaja uani kwangu umezishika mkononi, ukaniuliza kama ndizo nilizonunua. Nikakuambia kwamba nilinunua nzima, na hizi sizijui. Orlane alinitazama. Kisha akakuambia ndiyo, alizibadilisha na mtu, alipenda rangi. Ukasema amefanya kwa wivu, kwa sababu Chanelle ndiye aliyechaguliwa kwenda mashindano ya Kigali. Ukazitupa chini, ukamkataza asikanyage tena mlangoni kwako. Kocha naye akamfukuza. Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai, na nililishika hivyo mpaka ulipoondoka.

Dorothée, Orlane hakubadilisha chochote.

Yahaya, anayeuza caguwa, mitumba ya vifaa vya michezo, hapa Bwiza, alinifundisha vizuri siku ile. Alisema glavu haichaguliwi kwa macho. Unabonyeza juu ya vifundo vya vidole kwa kidole gumba: sponji ikirudi, ni nzima, shimo likibaki, imekufa. Alivaa moja iliyochubuka, nikabonyeza, ikarudi. Akavaa nyekundu. Kidole changu kilizama mpaka nikausikia mfupa wa mkono wake. Akaniambia, "Mama, hii ni ya kupiga mufuko wa mazoezi, apana ya kupiga mutu."

Nilichukua nyekundu. Nilidhani glavu humlinda anayepiga. Nilitaka mikono imuume siku mbili tatu, akate tamaa, arudi kwenye kwaya. Yahaya alinitajia mtu waziwazi, na mimi, miaka thelathini na minne mbele ya ubao, sikujiuliza mtu huyo angekuwa nani.

Na uani, ulipouliza, niliogopa kukupoteza. Nikamtoa mjukuu wangu badala yangu, naye akakubali kutolewa.

Miaka miwili sasa. Ananiinua kitandani kwa mikono ileile. Ananiosha, ananikausha mpaka katikati ya vidole vya miguu. Hajaniuliza hata siku moja. Ningefurahi angenitukana.

Chanelle anaendeleaje? Anasoma bila kuumwa kichwa? Mwambie rafiki yake Orlane alimpenda, na siku ile alilia mpaka akatapika. Msalimie, na uwasalimie wote wa nyumbani. Usijisumbue kuja kunizika, isipokuwa moyo wako wenyewe ukikutuma.

Glavu zimo ndani ya mfuko uliokuja na barua hii. Zibonyeze.

Aliyeuleta ni Orlane. Nimemwambia ni salamu tu za mgonjwa. Atakuwa ameikabidhi barua kwa mtu langoni, na yeye hataingia, kwa sababu ulimkataza. Lakini nilimwomba asubiri jibu, kwa hiyo yuko nje, amesimama juani. Mwite.

Ni mimi, mwalimu mwenzako,
Sephora