Weupe wa Kusini

Dodoma, 6 Julai 2024

Mama mpendwa,
Shikamoo. Huku tu wazima, baridi tu inatutesa. Miguu yako inaendeleaje?
Kazini nachora ramani ya uhalifu nchini, ya miaka ishirini mizima. Penye kesi nyingi rangi imekolea, penye chache ni peupe. Kwa kesi za kupigwa na kujeruhiwa, kusini kwetu kunafifia mwaka hadi mwaka, kama ukungu wa asubuhi juu ya Ruvuma. Niliitazama mpaka nikajihisi nimelala uani kwako. Dada Nuru na mumewe hawajambo?
Mwanao, Rehana

Kilambo, 21 Julai

Mwanangu,
Marahaba. Miguu inanibeba, alhamdulillahi. Watu wanapuliza dawa ya salfa mikoroshoni. Vumbi lake la njano linaelea, kijiji kizima kama cha ndotoni.
Nuru amerudi kwangu. Idrisa amempiga hadi kumvunja mkono. Mjomba wako Selemani aliwakalisha, Idrisa akaomba radhi, akanunua doti ya khanga, yakaisha. Mwaka juzi yaliisha hivyohivyo. Sasa anamtaka mkewe. Hilo nalo umeliona kwenye ramani?
Mama yako

Dodoma, 2 Agosti

Mama,
Shikamoo. Mpe dada pole nyingi.
Hilo halimo kwenye ramani. Ofisini wanasema pengine penye rangi iliyokolea hawapigani zaidi, ila wanakwenda polisi. Mimi nilifurahia weupe wetu, kumbe ndani yake dada amenyamaza. Tafadhali asirudi. Mpeleke dawati la jinsia la polisi, Mtwara mjini.
Rehana wako

Dodoma, 30 Agosti

Mama, mbona kimya? Simu haipatikani. Nakuomba hata mstari mmoja.
Rehana

Kilambo, 11 Septemba

Mwanangu,
Usituwazie mabaya. Tulikwenda. Mjomba wako alisema, "Hadija, ukivuka mlango huo, mimi si kaka yako." Nikavuka.
Askari wa kike alimuuliza Nuru, "Alianza lini?" Nuru akasema, akasema, hata niliyokuwa siyajui mimi mama yake. Nilimshika mkono ule mzima.
Idrisa yuko rumande. Selemani hapiti tena kwetu, na ndugu wa Idrisa hawatusalimii kisimani. Inaniuma, sikufichi.
Leo majogoo wamewika, watu wamepita kwenda mashambani, jua limefika hadi kitandani, Nuru bado kalala, mdomo wazi kama alipokuwa mtoto. Nimerudisha dirisha taratibu, nikatoka nje kuwafukuza kuku wasimwamshe.
Mama yako