Matawi ya Chini

Mjukuu wangu Zaina,

Salamu nyingi zikufikie huko Mahajanga. Huku Nosy Be tu wazima. Babu yako kanunua jogoo anayewika adhuhuri, wala hataki kusikia habari ya kumchinja.

Umeniuliza kama maumivu ya mgongo unajitia mwenyewe, maana daktari kapiga picha asione kitu. Mimi pia niliambiwa hivyo. Tulikuwa tumehama mtaa wa Mahabibo, huko huko Mahajanga, kwa haraka, mambo yenyewe tuyaache, na mgongo ukaniandama huku. Nikaona ni adhabu ya siku za Ramadhani nilizokula njiani. Nilikwisha kuzilipa, nikazilipa tena na tena, nafunga huku nachuma maua ya langilangi shambani. Mgongo ukazidi, nami nikazidi kujilaumu.

Asubuhi moja mchumaji mwenzangu, Mama Soa, aliniona nimeushikilia mti nisianguke. Hakuniuliza nimekosa nini. Aliniuliza kwa Kimalagasi chake, "Leo panauma wapi?" Nikamwonyesha. Akachuma maua ya matawi ya juu, akaniachia ya chini nisijinyooshe. Kesho yake akauliza tena, na kila siku. Ile saumu ya kujiadhibu nikaiacha. Mgongo haukupona, ila ulipoa, na nilichuma miaka mingi tukicheka.

Kwa nini unaumwa, sijui, mwanangu. Kosa lako silioni. Mimi leo ni upande wa kushoto, nakuandikia nimelala kiubavu. Nijibu upesi: wewe leo panauma wapi?

Bibi yako