Aliye Ndani ya Birika

Kitendawili, mjukuu wangu: yumo ndani ya birika na hajalowa. Usihangaike kunipa mji, ni bibi yako!

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Papai umeshalichora, basi lile kabla halijaoza. Mimi nakwenda kwa dada yangu.

Hivi mtu akichora matunda, kama yale ya picha ya kalenda unayoipenda, bibi anaingiaje? Asubuhi nimeinama niyaone machungwa kwenye picha yako, nikakutana na uso wangu kwenye ubavu wa birika ulilolichora, kama kwenye kioo! Kichwa wazi, mvi nje, nacheka hadi pengo linaonekana. Mimi niliyekukatalia mwaka mzima kuchorwa! Nusura nimwage chai. Ukaniuliza, “Bibi, nikufute?” Nikatoka chumbani kutafuta kitambaa cha kichwa, na fundi wa fremu anaifuata picha mchana huu.

Ulipoingia kuoga nikarudi kuchungulia. Mtundu wewe! Mama yangu alikuwa akicheka hivyo hivyo, na hakuacha hata picha moja.

~~Ziba pengo tu.~~

Usinifute.

Bibi