Bunduki ya Marehemu Iliyokwenda Toronto

Shemeji yangu Shabir,

Sikuulizi hali, mkeo ameshanieleza. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyogombana kwayo tangu Mombasa, usije ukasema hukunielewa.

Alinipigia simu juzi, sauti laini kama mtindi. "Dada, ile bunduki ya upepo imevunjika springi. Nasim hawezi kututumia nyingine?" Nilikaa kwenye ngazi nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Unakumbuka ulivyoichukua? Arubaini ya ndugu yako haijafika, watu wanakunywa chai sebuleni kwangu hapa Kingsbury ughaibuni, wewe unashuka ngazi na bunduki ya mume wangu begani. Nikakwambia marehemu alimwachia Nasim. Ukanijibu mbele ya wote, "Msichana na bunduki wapi na wapi? Mfundishe kukaanga sambusa." Nasim alikuwa mlangoni na sahani mkononi. Hakuiangusha. Mwanangu huyo.

Nikashonea maharusi wa Kingsbury nzima mpaka nikamnunulia yake, mpya, ya gesi. Ndani haina springi, gesi iliyobanwa ndiyo inayosukuma. Ulipoiona kwenye klabu ya kulenga shabaha ukapiga kelele, "Ya gesi? Mtaipikia chapati?" Wanaume wakacheka nawe.

Haya, tuseme kweli. Ilikuwa ngumu kuikunja mtutu kabla ya kila risasi. Nasim mwembamba vile, jioni mkono unamuuma, namkanda. Tena majira mamoja ya baridi gesi ikavuja, ikabidi irudishwe kwa mafundi walioitengeneza, sisi wenyewe hatukuweza kuigusa. Ulifurahi kama sikukuu! Ya springi mtu huifungua jikoni kwake, nakubali. Lakini ya Nasim ikifyatuka, mlio mkavu mmoja, basi. Yako ilitikisika na kulia kama kitanda kibovu. Na wewe ulivyo, unaikunja halafu unaiacha hivyo hivyo unapiga soga, springi inachoka. Marehemu alikwambia kila alipokuazima, ukamwona mtoto.

Na yale mafuta ya nazi! Mombasa uliyapaka kila kitu, bawaba, cherehani, nywele zako. Hapa ukaimiminia bunduki, ukasahau kwamba baridi inayagandisha.

Siku ya mashindano ya klabu Nasim alisimama mbele yako, watu wote wakisikia. "Baba mkubwa, nikikushinda utanirudishia bunduki ya baba?"

"Chukua na gari," ukasema.

Asubuhi ile ya barafu risasi yako ya kwanza ilijiangukia njiani, mafuta yameganda ndani. Ukaiegesha bunduki kwenye hita. Ulipofyatua tena, paa! Mafuta yakaungua ndani, moshi ukatoka mtutuni, risasi ikapotea, klabu nzima inanuka nazi, mzee mmoja wa Kizungu anauliza nani anapika. Nasim wangu akapiga yake taratibu, shabaha ikatoboka katikati kama tundu la kifungo. Hakuna mama Kingsbury aliyezaa mtoto kama yule, na hilo nitalisema hata msibani.

Ukampa mkono, ukatabasamu. Kabla ya wiki kwisha uliiviringisha bunduki katika zulia ukahamia nayo Toronto.

Unajua ulichukua nini? Baba yake alimfundisha kulenga kwa ile, shavu lake dogo juu ya ule ubao wa kitako, mkono wa baba chini ya kiwiko. Nguo za marehemu tuligawa, saa yake alipewa mpwa. Kitu kimoja tu mtoto alitaka.

Sasa yeye ndiye anayewafundisha watu klabu. Wazee wanamletea bunduki zao za springi, anazifungua mezani kwangu. Na springi mpya ya ile yenu anayo, imo kabatini, imefungwa kwa karatasi yenye grisi. Posta iko kona ya mtaa. Siendi. Nasim angekutumia, ana moyo wa baba yake, kwa hiyo nimemkataza. Mimi moyo huo sina.

Iache ukutani ilivyo. Wageni wakiuliza, waambie haipigi. Ukichoka kuitazama, ilete mwenyewe. Nasim ataitia springi mbele ya macho yako, atapiga risasi moja, kisha ataipandisha chumbani kwake. Utalishwa vizuri, kitanda kipo. Halafu nitakusindikiza mpaka uwanja wa ndege, nikutazame unavyoondoka mikono mitupu.

Ni mimi shemeji yako,
Mama Nasim